Besi Atafika Saa Ngapi?

Tangazo la Jumapili lilisema mazoezi ni Jumamosi saa tisa na nusu alasiri. Saa tisa na nusu ilipogonga, ndani ya ukumbi wa usharika huu wa pembezoni mwa Dar es Salaam tulikuwa watatu: mwalimu wa kwaya, mtunza ukumbi aliyekuwa akifagia, na mimi niliyekuja na kalamu. Saa kumi kasoro dakika kumi wakaingia akina mama watatu wa sauti ya kwanza, wakasalimia, wakaketi mstari wa mbele na kuendelea na mazungumzo waliyoanza nayo kwenye daladala. Hadi saa kumi na robo tulikuwa na waimbaji kumi na mmoja: saba wa sauti ya kwanza, watatu wa sauti ya pili, na kijana mmoja wa sauti ya tatu mwenye mafua. Viti vya besi, vilivyopangwa nyuma karibu na dirisha, vilikuwa vitupu.

Mwalimu hakuangalia saa. Siku za kazi yeye ni fundi umeme, na mikono yake ilikuwa bado na vumbi la ukuta aliotoka kuutoboa. Aliomba sala fupi, akaandika ubaoni mstari wa herufi, nukta mbili na vistari, akasema tuanze na waliopo. Kisha, kwa kuwa wimbo wa sauti nne usio na besi ni kama nyumba iliyoezekwa kabla ya msingi, akaimba besi yeye mwenyewe, huku mkono wa kulia ukiwaonyesha sauti ya pili pa kuingilia na wa kushoto ukigusa kinanda.

Nilipomwona akifanya hivyo nilikumbuka nilivyoshindwa. Niliwahi kushika kwaya ya vijana kwa miaka minne. Sofa, yaani nota za herufi, nilikuwa naijua, sauti nilikuwa nayo, na nyimbo nilikuwa natunga. Nililoshindwa ni kunyamaza. Kila sauti ilipolegea niliingia kuisaidia: leo teno, kesho besi, siku nyingine hata sauti ya pili kwa sauti ya kubana pua. Mwaka wa nne tulirekodi wimbo kwa simu, tukausikiliza pamoja, na kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa mimi. Nyuma yangu, kwa mbali, kulikuwa na kwaya. Mwalimu anayeimba hasikii. Na asiyesikia hana cha kurekebisha, hata awe na kipaji cha namna gani.

Lakini atanyamaza vipi, kama viti vya nyuma ni vitupu?

Kwaya hii ina besi wanne kwenye daftari. Mmoja alihama na ofisi yake kwenda Dodoma, na jina lake halijafutwa kwa sababu akija likizo huimba. Wa pili ni fundi seremala, na Jumamosi hiyo alikuwa msibani kwa wakwe. Wa tatu ni bodaboda. Alifika saa kumi na moja, akaegesha pikipiki mlangoni ili aione, akaimba beti mbili kwa sauti iliyofanya vioo vitetemeke, kisha simu ikaita. Abiria wake wa kila wiki alikuwa anamsubiri sokoni. Akainua mkono kumwomba mwalimu radhi, mwalimu akaitikia kwa kichwa, na besi ikaondoka na moshi. Wa nne ni mlinzi wa ghala. Zamu yake inaisha saa kumi na mbili jioni, mpokeaji wa zamu akiwahi.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, na vitabu vya muziki haviusemi. Mwalimu wa kwaya ni kiongozi asiye na mshahara wa kukata. Mwanakwaya akikaripiwa akakasirika, Jumapili inayofuata utamkuta kwenye Kwaya ya Uinjilisti, au kwenye kanisa la jirani, au nyumbani amelala. Katiba ya kwaya inataja faini ya kuchelewa. Mhazina huiandika kwa uaminifu, na nimeonyeshwa daftari lenye madeni ya watu waliokwisha kuolewa, wakahama, wakazaa, na watoto wao sasa wako Shule ya Jumapili. Hakuna aliyewahi kudaiwa kwa nguvu. Kwaya inayodai kwa nguvu hubaki na mwenyekiti, katibu na mhazina.

Mwalimu naye halipwi. Sharika nyingi humpa nauli pale mfuko unaporuhusu, na siku ya mavuno humpigia makofi. Yeye ndiye anayenunua wino wa kalamu za ubao, ndiye anayetoa kopi, na ndiye anayepigiwa simu usiku wa manane kuambiwa kuna msiba na kwaya inatakiwa saa nne asubuhi.

Tuuangalie ule ubao. Herufi alizoziandika fundi umeme wetu, d, r, m, f, s, l, t, zilianzia mbali. Mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, ndiye aliyebuni njia ya kufundishia watoto kuimba kwa silabi na herufi, na katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaichukua, akaiboresha na kuisambaza. Curwen hakuwa akiwawazia matajiri wenye piano sebuleni. Aliwawazia watoto wa Shule ya Jumapili na watu wa kawaida. Herufi hizo hazihitaji mistari mitano wala karatasi maalumu. Taipureta inazichapa, chaki inaziandika, hata kijiti juu ya mchanga kinatosha. Do haina makazi ya kudumu: unaiweka pale koo za watu wako zinapofika. Wamisionari walipokuja na sofa Afrika, ilishika kwa sababu ilifaa mahali pasipo na chombo chochote isipokuwa koo.

Mmoja wa walioishika ni Enoch Sontonga, Mxhosa aliyekuwa akifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Mwaka 1897 aliitungia kwaya yake wimbo, na nyimbo zake alizihifadhi katika daftari la sofa. Akafa mwaka 1905, bado kijana wa thelathini na kitu. Wimbo ule ulisafiri bila yeye, na Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, muziki wake ndio uliokuwa ukiimbwa kwa maneno ya Kiswahili. Kila Mtanzania anayesimama wima uwanjani anaimba kazi ya mazoezi ya mwalimu wa kwaya ambaye, bila shaka, naye aliwahi kusubiri besi.

Mfano mwingine uko upande wa magharibi, Kamina, Katanga, ambako padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikusanya wavulana na walimu wa shule katika miaka ya 1950. Kutoka kwenye kundi hilo ilizaliwa Misa ya Kiluba, Missa Luba, iliyorekodiwa mwaka 1958: maneno ya Kilatini, mwendo na uitikiaji wa nyumbani. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba waimbaji hawakukabidhiwa karatasi. Walichukua mwendo walioujua, mmoja akatoa, wengine wakajibu, na misa ikatengenezeka midomoni mwao. Baadaye, mwaka 1990, Muungano National Choir ya Kenya chini ya Boniface Mganga iliirekodi upya, na kile kilichoanza kama ubunifu wa papo kwa papo kikawa somo la kujifunza neno kwa neno. Kazi mbili tofauti kabisa za uongozi. Haazen alipaswa kujua wakati wa kuwaachia watu. Mganga alipaswa kujua wakati wa kuwabana. Mwalimu wetu wa Jumamosi anafanya zote mbili ndani ya saa tatu, na watu kumi na mmoja.

Turudi ukumbini. Saa kumi na nusu walikuwa wamefika wengine sita, na wimbo ukaanza kuonekana umbo. Ndipo likaja tatizo ninalolijua kama jina langu: kwaya ikaanza kushuka. Walianza kwenye ufunguo wa G, na walipomaliza ubeti wa pili mwalimu aligusa kinanda, nacho kikasema kingine kabisa. Walikuwa wameteleza karibu nusu hatua bila mmoja wao kujua.

Wengi hudhani kwaya hushuka kwa sababu watu hawajui kuimba. Mara nyingi hushuka kwa sababu watu wamechoka, wameketi wamejikunja, na wanaimba kwa pumzi ya kifuani. Kuna noti zenye tabia ya kudondoka: mi na ti, ambazo zinatakiwa kuimbwa kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, waimbaji huziimba kama wanaotua mzigo. Noti ikirudiwa mara tano mfululizo, ya tano huwa chini ya ya kwanza. Tuni ikishuka ngazi kwa ngazi, kila ngazi huongezwa kidogo urefu wake. Mwalimu hakusema lolote kati ya haya. Aliwaambia wasimame, waweke mkono tumboni, wavute pumzi hadi mkono usogee, kisha waimbe mstari uleule kwa kuguna, midomo imefungwa. Walipofungua midomo tena walikaa pale pale walipoanzia. Mama mmoja wa sauti ya pili alicheka, akasema kumbe tulikuwa tunaimba na njaa.

Baada ya hapo akashughulikia maneno, na hapa niwe mkali kidogo, maana ndipo watunzi wetu wengi wanapoteleza. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tenzi zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza zilikuja na tuni zilizokwisha kushonwa kwa mwili mwingine: lugha zile zina maneno mengi ya silabi moja yanayomalizia mstari kwa kishindo. Neno letu likiingizwa humo, pigo zito huangukia mkiani, na mwimbaji hujikuta anamtukuza MunGU badala ya MUngu. Tumezoea, hatusikii tena. Lakini anayetunga leo kwa Kiswahili, akiwa na kalamu na uhuru wake, akiendelea kuweka pigo mkiani, huyo hana udhuru. Yapo maneno ambayo mkazo ukihama maana nayo inahama. Ukiimba barabara na uzito kwenye ra ya kwanza, umesema kitu kimefanyika sawasawa. Ukiupeleka kwenye ba ya pili, umetutoa kanisani ukatuweka njiani. Jumamosi hiyo mwalimu alisimamisha wimbo mara nne kwa ajili ya silabi moja. Sauti ya kwanza walikunja uso. Mara ya tano walipoimba, neno likasikika, na uso ukakunjuka.

Kuna pia suala la r na l. Dar es Salaam imekusanya watu wa kila kona, na kila mmoja amekuja na ulimi wake. Kwenye mazungumzo hakuna anayejali, ila kwaya ya watu ishirini inapoimba neno moja, nusu wakila na nusu wakipiga kura, mwenye kusikiliza anabaki kuchagua. Mwalimu mbaya humtaja mtu na kabila lake, watu wanacheka, na mtu huyo Jumamosi ijayo haji. Mwalimu wetu aliwafanya wote waseme neno hilo mara kumi, pamoja, taratibu, kana kwamba kosa ni la ukumbi mzima.

Sofa ubaoni haitoshi tena, kwa sababu wanaoisoma wamepungua. Kijana wa leo hujifunza kwa sikio, na simu imekuwa mwalimu msaidizi. Usiku, baada ya watoto kulala, fundi umeme huyu hujirekodi akiimba sauti ya pili peke yake, halafu ya tatu, halafu besi, na kutuma kila moja kwenye kundi lake la WhatsApp. Mlinzi wa ghala husikiliza lindoni, sikio moja, la pili likiwa kwa mwajiri. Kwa wenzetu Wakatoliki, ambao mwaka wao wa liturujia hauna huruma (Majilio ina nyimbo zake, Kwaresima haina Aleluya, na kila Jumapili wimbo wa katikati ni mwingine), kuna tovuti ya Swahili Music Notes iliyojaa nota za nyimbo za Kiswahili. Mwalimu aliye kigango cha mbali anapakua wimbo Alhamisi na kuufundisha Ijumaa. Zamani angeufuata kwa basi, akaunakili kwa mkono.

Juu ya vinanda sina hakika kama nifurahi. Kinanda cha umeme kimewapa walimu pumziko: ufunguo unapatikana kwa kidole, mapigo yako tayari ndani, na mpiga kinanda mzuri hufunika mashimo yote. Tatizo ni hilo la kufunika. Kwaya ya Uinjilisti ya Kijitonyama ilipovuma Afrika Mashariki nzima na Hakuna Mungu Kama Wewe, karibu kila usharika ulitaka albamu, na safari ya kwenda studio ikawa ndiyo safari yenyewe. Nyimbo zikaanza kutungwa kwa kuwaza kamera. Sauti nne zikawa mbili, mbili zikawa mwimbaji mmoja wa mbele na wengine wa kuitikia na kucheza. Si dhambi, ngoma zetu siku zote zilikuwa na mtoaji na waitikiaji. Ila kwaya iliyojengwa juu ya kinanda ina udhaifu wake, na TANESCO inaujua. Umeme ukikatika katikati ya ibada, utasikia kwaya ikining'inia hewani sekunde tano, kisha kila mtu anatafuta pa kutua.

Sare nitaipitia haraka. Kikao cha kuchagua rangi ya sare kimevunja kwaya nyingi kuliko noti yoyote. Yatosha.

Msiba ndio usiopitika haraka. Kwaya za kwetu hazikuundwa kwa ajili ya jukwaa. Ziliundwa kwa ajili ya ibada na kwa ajili ya siku mwanakwaya anapofiwa. Huko hakuna kinanda wala ubao, mara nyingi hakuna hata kivuli. Mwalimu anasimama kwenye udongo uliochimbwa, waimbaji wake wanalia, na yeye ndiye anayepaswa kutafuta do katika upepo. Akiiweka juu, sauti ya kwanza watakatikia kwenye kilio. Akiiweka chini mno, wimbo utazama. Nilipokuwa mwalimu, mzee mmoja wa besi alinifundisha kitu ambacho sijakiona kwenye kitabu: makaburini, toa sauti nusu hatua chini ya ile ya mazoezini, kwa kuwa mtu mwenye uchungu koo lake limefunga. Nilikuja kuutumia ushauri huo kwenye mazishi yake.

Na kwa nini walimu wengi ni wanaume, wakati kwenye viti wanawake ni wengi kwa mbali? Katika kwaya niliyoishika, dada mmoja wa sauti ya pili alikuwa na sikio kunizidi. Alikuwa anajua nani amedondosha ti kabla mimi sijageuza kichwa. Hakuna aliyemwita mwalimu. Alikuwa anaitwa kiongozi wa sauti, na mwisho wa mazoezi alikuwa anaondoka mbio kwenda kupika. Sauti ya pili hufundisha sikio kuliko zote, kwa sababu wanaishi katikati: tuni si yao, msingi si wao, na wasiposikiliza pande zote mbili wanapotea. Ningekuwa mzee wa kanisa, mwalimu ningemtafuta huko kwanza. Niliondoka bila kulisema hilo kwenye kikao chochote, na leo naliandika gazetini.

Saa kumi na mbili na robo ukumbi ulianza kuingia giza. Mwalimu aliwasha taa moja, ile iliyo juu ya ubao. Waimbaji walikuwa wamefika kumi na tisa, akiwemo teno wa pili, na wimbo ulikwenda toka mwanzo hadi mwisho mara mbili bila kusimama, mwalimu akiwa bado anaimba besi. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Aliwaangalia, nikajua alichokuwa anakifikiria: nusu ya wimbo unaosikika ni mimi.

Katibu akasoma matangazo: harusi wiki ijayo, michango ya mgonjwa, na deni la kopi. Kisha wakasimama kufunga. Mama mmoja akaomba, sala ndefu ya kutaja watu kwa majina, waliopo na wasiokuwepo, na yule wa Dodoma. Kwaya hii ina desturi ya kuimba Amina ya sauti nne badala ya kuitikia kwa maneno. Mwalimu akanyoosha mkono, akaguna do, akajiandaa kushuka kwenye besi kama alivyofanya mchana kutwa.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mlinzi wa ghala aliingia na sare yake ya kazi, kofia mkononi, jasho la kutembea haraka usoni. Hakusalimia mtu. Alisikia ufunguo, akasimama palepale kando ya dirisha, mbele ya kiti chake, akaiweka noti ya chini mahali pake.

Mwalimu akafunga mdomo. Mkono ulibaki juu, na kwa mara ya kwanza tangu saa tisa na nusu alikuwa anasikiliza.